Weupe Unaopita na Weupe Unaodumu: Historia ya Kung'arisha Meno kutoka Colorado hadi Kisoro

Utangulizi

Mimi nimezaliwa Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda, chini ya mlima Muhavura. Sisi tunaotoka sehemu zile tunatambuana kwa meno. Meno yangu ya mbele yalitoka yakiwa na mistari myeupe iliyofifia kama chaki, na baadaye yakashika mabaka ya kahawia. Ya dada yangu ni vivyo hivyo. Nyumbani hakuna aliyetuuliza kitu, kwa sababu wengi darasani walikuwa kama sisi. Nilianza kuona haya nilipofika Kampala kusoma. Mwenzangu wa bwenini aliniuliza kwa upole kama navuta sigara. Mwingine alinishauri nibadilishe mswaki. Sijawahi kuvuta sigara, na mswaki napiga asubuhi na usiku.

Mwaka jana niliamua kwenda kung'arisha meno katika kliniki moja mjini. Nilikuwa nimeweka akiba kwa mihula miwili kutokana na kazi ya kuwachapia watu barua na ripoti kwenye kompyuta. Nililazwa kitini, midomo ikavutwa kwa kifaa cha plastiki, fizi zikafunikwa kwa dawa ya kuzikinga, kisha meno yakapakwa jeli na kumulikwa kwa taa ya buluu. Jeli ilifutwa na kupakwa upya mara tatu. Baada ya muda unaopita kidogo saa moja nilipewa kioo. Kwa kweli sikuamini. Kwa siku tatu nilicheka hata penye jambo lisilochekesha, ingawa meno yaliniuma kila nilipovuta hewa ya baridi.

Furaha ile haikudumu. Wiki mbili zilipopita weupe ulikuwa umeanza kufifia. Baada ya mwezi na nusu rangi ya kahawia ilikuwa imepungua kuliko zamani, hilo sitalikana, lakini haikuwa imeondoka. Isitoshe, mabaka meupe ambayo zamani hayakuonekana sana sasa yalikuwa yamejitokeza wazi. Nilirudi kliniki kuuliza. Niliambiwa kwamba hayo ni ya kawaida na kwamba ninahitaji kurudia, kwa bei ileile.

Nilitoka nikiwa na swali moja: je, nilidanganywa? Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa historia na Kiswahili, si wa udaktari, nilitafuta jibu mahali ninapopafahamu, yaani maktabani. Katika insha hii ninajadili jinsi binadamu walivyofika kwenye kiti kile chenye taa ya buluu, tiba hiyo inaweza nini, na matokeo yake hudumu kwa muda gani. Hoja yangu ni kwamba historia ya kung'arisha meno ina njia mbili. Moja ni ya kufuta doa lililokwisha kuingia, na nyingine ni ya kuuliza doa limetoka wapi. Njia hizi ziliwahi kukutana katika mji mmoja wa Marekani, kisha zikaachana. Sisi wa Kisoro tumeletewa ile ya kwanza kwa pesa nyingi, wakati ile ya pili ndiyo tunayoihitaji zaidi.

Si kila jamii ilitaka meno meupe

Kabla ya kufika kwenye dawa, ni vyema tukumbuke kwamba meno meupe hayakuwa uzuri wa watu wote wala wa nyakati zote. Nchini Japani, kwa karne nyingi, wanawake walioolewa na watu wa tabaka la juu walipaka meno rangi nyeusi. Desturi hiyo iliitwa ohaguro, na ilihesabiwa kuwa dalili ya heshima na utu uzima. Serikali ya Meiji iliwakataza watu wa tabaka la juu kuifuata mwaka 1870, wakati Japani ilipokuwa inajifananisha na nchi za Magharibi. Hapa kwetu Afrika Mashariki, watu wa pwani walitafuna tambuu, ambayo hutia midomo na meno wekundu, na mgeni wa heshima alikaribishwa kwa tambuu hiyo.

Kwa upande mwingine, Warumi wa kale walipenda weupe. Mshairi Catullus, aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alimdhihaki mtu aitwaye Egnatius kwa sababu alikuwa akitabasamu kila mahali, hata penye msiba, ili watu waone meno yake. Kwa mujibu wa mshairi huyo, Egnatius aliyasafisha kwa mkojo. Tunaweza kucheka, lakini jambo hilo lina maelezo: mkojo uliokaa hutoa amonia, na amonia huondoa uchafu. Wafuaji nguo wa Roma waliutumia kwa sababu hiyohiyo.

Mifano hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, aibu niliyoipata bwenini haikuwa ndani ya meno yangu, ilikuwa katika macho ya mahali nilipohamia. Pili, tangu zamani watu wamechanganya uchafu ulio juu ya jino na rangi iliyo ndani ya jino. Mkojo wa Egnatius uliweza kuondoa uchafu wa juu. Rangi ya ndani ilikuwa jambo jingine, na ilisubiri kemia.

Kutoka chokaa hadi peroksaidi

Katikati ya karne ya 19, madaktari wa meno wa Marekani walianza kutumia chokaa yenye klorini kung'arisha meno yaliyokufa, yaani yale ambayo mshipa wake wa ndani umeharibika na jino likageuka rangi. Klorini ilikuwa tayari inatumika kupausha vitambaa viwandani, kwa hiyo dawa ya pamba ilihamia kinywani. Peroksaidi ya haidrojeni ilikuwa imegunduliwa na mwanakemia wa Ufaransa, Thénard, mwaka 1818, lakini ilichukua muda mrefu kufika kwa madaktari wa meno. Taarifa inayotajwa sana ya kuitumia kung'arisha meno ni ya Harlan, mwaka 1884.

Mwaka 1918 Abbot alieleza njia ya kuunganisha peroksaidi kali na mwanga mkali unaotoa joto, ili kemikali ifanye kazi haraka. Nilipoisoma habari hiyo nilishtuka. Taa ya buluu niliyoonyeshwa kama teknolojia mpya ilikuwa na babu yake wa miaka mia moja iliyopita! Wazo ni lilelile: kemikali kali, mwanga, mgonjwa ameketi kitini, na matokeo yanaonekana siku hiyohiyo.

Mwaka 1937 J. W. Ames aliandika kuhusu kutumia peroksaidi iliyochanganywa na etha, pamoja na joto, kwa meno yenye mabaka, na mgonjwa alitakiwa kurudi mara nyingi. Hivyo basi, hata zamani zile waliotibu meno kama yangu walijua kwamba mara moja haitoshi.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika jimbo la Arkansas, daktari wa kupanga meno aitwaye Klusmier aliwapa wagonjwa wake dawa ya fizi yenye peroksaidi isiyo kali, waivae usiku ndani ya kifaa cha kinywani. Fizi zilipona, lakini akagundua kwamba meno nayo yamekuwa meupe. Jambo hilo lilizunguka miongoni mwa madaktari wachache kwa miaka mingi, hadi mwaka 1989 Haywood na Heymann walipochapisha makala kuhusu njia hiyo. Walitumia peroksaidi ya kabamaidi ya asilimia 10, ambayo nguvu yake ni sawa na peroksaidi ya haidrojeni ya asilimia 3.5 hivi. Mgonjwa aliivaa nyumbani akiwa amelala, kwa wiki kadhaa.

Njia ya nyumbani ilifanya kung'arisha meno kuwe jambo la watu wengi, na soko lilipokua, kiti cha daktari nacho kilirudi kwa nguvu mpya. Mtu ambaye hawezi kusubiri wiki mbili aliuziwa saa moja. Jeli za kliniki huwa na peroksaidi ya haidrojeni ya asilimia 25 hadi 40, yaani mara nyingi zaidi ya ile ya nyumbani. Kwa sababu ya nguvu hiyo nchi kadhaa ziliingilia kati. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2011, uliweka kikomo cha asilimia 6, ukaamuru kwamba bidhaa zenye zaidi ya asilimia 0.1 ziuzwe kwa madaktari wa meno tu, na ukakataza zisitumiwe kwa wenye umri chini ya miaka 18.

Mji mmoja, njia mbili

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu sehemu ya historia hii inayonihusu zaidi haikuanza na dawa. Ilianza na daktari kijana aliyeshangaa. Mwaka 1901 Frederick McKay alifungua kazi yake katika mji wa Colorado Springs, Marekani, chini ya mlima Pikes Peak. Alikuta wenyeji wengi wana meno yenye mabaka ya kahawia, mengine meusi kama chokoleti. Vitabu vyake vya shule havikueleza chochote. Wenyeji walikuwa na maelezo yao: wengine walisema ni kula nyama ya nguruwe kupita kiasi, wengine maziwa mabaya, wengine maji yenye chokaa. Ni sawa na bwenini kwetu, ambako mmoja alisema sigara na mwingine mswaki.

Mwaka 1909 uchunguzi ulionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya watoto waliozaliwa mjini humo walikuwa na alama hizo. McKay alishirikiana na G. V. Black, aliyekuwa mtafiti mashuhuri wa meno nchini humo, hadi Black alipofariki mwaka 1915. Waligundua mambo mawili muhimu. La kwanza, doa hilo hutokana na kasoro wakati jino linapoumbwa, kwa hiyo mtu mzima aliyehamia mjini meno yake yakiwa yamekwisha kukomaa hakulipata. La pili, na hili liliwashangaza, meno hayo mabaya kwa sura hayakuoza kwa urahisi.

Wakati McKay akiuliza doa limetoka wapi, daktari mwingine wa mji huohuo, Walter Kane, alikuwa akilifuta. Alitumia asidi ya haidrokloriki pamoja na joto, akaondoa tabaka jembamba la juu ya jino pamoja na doa lake. Njia yake haikufa, kwani ilielezwa tena katika majarida ya kitaalamu miaka ya 1980 na ikazaa njia za leo za kusugua jino kwa asidi iliyochanganywa na unga laini. Ndiyo maana nasema njia mbili zilikutana katika mji mmoja. Kane alimtazama mgonjwa aliyeketi mbele yake. McKay alimtazama mtoto ambaye bado hajaota meno.

McKay ndiye aliyechukua muda mrefu. Mwaka 1923 aliitwa katika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho. Wazazi walimwambia kwamba meno ya watoto wao yalianza kubadilika baada ya mji kuleta maji kwa bomba kutoka chemchemi ya maji ya moto. McKay aliyapima maji hayo asione kitu, lakini akawashauri wayaache. Waliyaacha, na baada ya miaka michache watoto wadogo walianza kuota meno safi. Jambo lile lile lilionekana Bauxite, mji wa wachimba madini katika Arkansas. Mwaka 1931 H. V. Churchill, mkuu wa wanakemia wa kampuni ya aluminiamu iliyomiliki mji huo, aliyachunguza maji kwa vipimo vya kina zaidi na kukuta floraidi nyingi.

Kuanzia hapo historia inajulikana kwa upande mmoja tu. Mtafiti wa serikali, H. Trendley Dean, alionyesha kwamba floraidi ya takriban miligramu 1 kwa lita huzuia meno kuoza bila kuleta mabaka mabaya, na tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kutia floraidi katika maji yake. Dunia ikasifu floraidi. Watu ambao maji yao yanayo kupita kiasi, ambao meno yao ndiyo yaliyofundisha somo hilo, walibaki pembeni.

Kiti kile kinafanya nini hasa?

Baada ya kuisoma historia hii nilielewa kilichotokea kinywani mwangu. Jino lina tabaka gumu la nje liitwalo enameli, na chini yake dentini yenye rangi ya manjano. Peroksaidi hupenya enameli, hutoa oksijeni yenye nguvu, na oksijeni hiyo huvunja chembe za rangi zilizo ndani. Chembe zilizovunjika hazionekani kwa macho kama zamani. Hiyo si hila, ni kemia, na inafanya kazi. Kwa mtu ambaye meno yake yamekuwa ya manjano kwa umri, chai, kahawa au tumbaku, tiba ya kliniki huleta tofauti ya kweli.

Hata hivyo, weupe unaouona kwenye kioo ukiwa bado kitini una sehemu mbili. Sehemu moja ni rangi iliyovunjwa. Sehemu nyingine ni ukavu: kinywa kimewekwa wazi kwa saa nzima, jino limepoteza maji, na jino kavu huonekana jeupe zaidi. Maji yakirudi, weupe huo wa pili huondoka. Ndiyo sababu picha zinazopigwa dakika ileile ya kumaliza zinavutia sana, na ndiyo sababu matangazo huzitumia. Mpimaji mwaminifu husubiri wiki mbili au zaidi ndipo alinganishe jino na vile vipande vya rangi 16 ambavyo madaktari hutumia.

Kuhusu taa, tafiti nyingi zilizolinganisha jeli kali yenye taa na jeli kali isiyo na taa zimekuta kwamba, baada ya wiki chache, tofauti ni ndogo au haipo. Vilevile, kiti na njia ya nyumbani mwishoni hufika karibu mahali pamoja, ila kiti hufika haraka na mara nyingi huleta maumivu zaidi ya baridi. Mtu anayelipia kiti analipia mwendo. Halipii umbali.

Je, hudumu? Baada ya kushuka kwa wiki za mwanzo, rangi iliyobaki huweza kukaa mwaka mmoja, hata miaka miwili au zaidi, kutegemea chakula, kinywaji, tumbaku na rangi ya awali. Baadaye hurudi taratibu, kwa sababu enameli ina vinyweleo na maisha yanaendelea. Meno ya bandia na vijazo vya meno havibadiliki rangi kabisa, hivyo huachwa nyuma na meno ya asili. Kwa hiyo kung'arisha meno ni kama kupaka nyumba chokaa. Hupendeza, lakini mwenye nyumba ajue atapaka tena.

Meno ya floraidi yana jambo la ziada. Mtoto akinywa floraidi nyingi wakati enameli inaumbwa, enameli hubaki na matundu madogo sana chini ya uso wake. Matundu hayo ndiyo mabaka meupe ya chaki. Jino likishatoka, rangi za vyakula huingia humo, na ndiyo kahawia. Peroksaidi inaweza kupunguza kahawia. Haiwezi kuujenga upya ukuta uliojengwa na mapengo. Kwa sababu hiyo meno yangu yalifanya hasa yale ambayo mtu anayejua angetarajia: kahawia ilipungua, mabaka meupe yakajitokeza, na kahawia imeanza kurudi polepole.

Je, nilidanganywa? Jibu langu ni kwamba dawa haikunidanganya. Nilinyimwa maelezo. Hakuna aliyeniuliza nimezaliwa wapi wala nilikunywa maji gani utotoni, na maswali hayo ndiyo yangeonyesha kwamba meno yangu si ya chai wala sigara.

Turudi Kisoro

Milima yetu, Muhavura, Mgahinga na Sabinyo, ni ya volkano, na maji yanayopita katika miamba ya namna hiyo huweza kubeba floraidi. Jambo hili si letu peke yetu. Tangu mwaka 1901 daktari wa Marekani aitwaye Eager aliandika kuhusu meno yenye mabaka ya wahamiaji waliotoka karibu na Naples, nchini Italia, penye volkano ya Vesuvius. Katika Afrika Mashariki ukanda wa Bonde la Ufa unajulikana kwa tatizo hili, kuanzia Nakuru nchini Kenya hadi Arusha na Meru nchini Tanzania.

Kwa Uganda, watafiti wa Makerere na wenzao wa Norway walichunguza watoto wa Kisoro na Kasese, na mwaka 1999 wakachapisha matokeo kuhusu sehemu ambazo maji yake yana miligramu 0.5 na miligramu 2.5 za floraidi kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Nilipoziona tarakimu hizo maktabani nilikaa kimya kwa muda. Wakati mimi nilikuwa bado sijazaliwa, maji ya wilaya yangu yalikuwa yamekwisha pimwa na kuandikwa. Taarifa ilikuwepo. Haikufika kisimani.

Majirani zetu nao wana historia yao. Tanzania, kwa uhaba wa maji, iliruhusu kwa miaka mingi hadi miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini, kisha ikashusha hadi 4 katika viwango vya mwaka 2008. Karibu na Arusha kuna kituo cha Ngurdoto kinachotafiti namna ya kuondoa floraidi, na njia mojawapo ni kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Njia hiyo imetumika pia Nakuru. Kwa hiyo McKay ana warithi wake hapa kwetu, ingawa hawana mabango ya matangazo barabarani kama warithi wa Kane.

Sisemi kwamba mtu asing'arishe meno. Kijana anayenyimwa kazi ya mapokezi kwa sababu ya meno yake hawezi kuambiwa asubiri miaka thelathini maji yasafishwe, na aibu yake si upuuzi. Kane naye alikuwa na haki ya kumsaidia mgonjwa aliyekuwa mbele yake. Ninachosema ni kwamba mgonjwa aelezwe ukweli kabla ya kulipa: doa lake ni la aina gani, litapungua kiasi gani, na litarudi lini.

Hitimisho

Dada yangu ana mtoto wa miezi kumi. Enameli ya meno ya mbele ya kudumu huumbwa katika miaka mitatu au minne ya mwanzo wa maisha. Meno ambayo mtoto huyu atatabasamu nayo akiwa na miaka ishirini yanajengwa sasa hivi, ndani ya fizi zake, kwa maji anayonyweshwa. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Yangu yamekwisha kumwagika. Yake bado.

Nilikuwa nimeanza tena kuweka akiba kwa ajili ya kurudia tiba ile kliniki. Mwezi uliopita nilimpigia mama simu, tukazungumza kwa Kifumbira, nikamweleza habari za Oakley, mji ulioacha chemchemi yake na watoto wake wakaota meno safi. Mama alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo McKay angelifurahia: "Na maji ya mvua je?" Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Nyumbani tuna bati, lakini hatuna mfereji wala tangi. Tumekubaliana kwamba akiba ile itanunua mfereji na tangi dogo, na maji yake yawe ya kunywa na ya uji wa mtoto. Yale ya chemchemi yatafua na kuosha.

Meno yangu yatabaki yalivyo kwa sasa. Mtu akiniuliza kama navuta sigara, nina jibu refu kidogo, linaloanzia Colorado.